Stika Kumi na Tisa

Tunduma,
18 Februari 2024

Shangazi yangu Ferista,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mguu uliokusumbua Krismasi sasa unakanyaga bila kukulalamikia. Sisi huku hatujambo. Mkweo Jastin anakusalimia sana. Kazi yake ya kutoa mizigo forodhani inaenda vizuri, na yeye mwenyewe amenenepa mpaka suruali za mwaka jana nimempa mdogo wake. Watoto wako shule. Saluni haijambo pia. Wateja wangu wa Nakonde wanavuka asubuhi kutoka Zambia, wananisalimia "Mulishani, ba Fides," wanakaa kitini, na mpaka nimalize kusuka nakuwa nimejua habari zote za upande wa pili.

Simu najua husikii, ndiyo maana nampa Ipyana barua hii. Anakuja huko Isansa na fuso kupakia parachichi.

Sasa shangazi, sikiliza. Mvua ya juzi imeezua bati la stoo kwa baba. Yeye yuko Mbeya kwa ajili ya macho, hivyo nikaenda mimi kuhamisha vitu visilowe. Nyuma ya madebe, ndani ya gunia la kahawa, nikakuta gitaa! Umri wangu wote huu wa miaka thelathini na nne sijawahi kumwona baba ameshika hata filimbi. Na gitaa lenyewe halionekani rangi, limejaa stika mwili mzima. Nimezihesabu, ni kumi na tisa. Kuna ya betri, kuna ya mpira, kuna mbegu za mahindi, kuna ya Yesu, na kubwa kuliko zote ni ya mwanamke anayetangaza sabuni. Nyingine zimebanduka nusu, na hapo gundi imeshika vumbi ikawa nyeusi, bado inanata vidoleni.

Baba anatimiza miaka sabini tarehe kumi Agosti. Nataka siku hiyo nimkabidhi gitaa lake likiwa linang'aa. Nimelichukua bila kumwambia, na tangu hapo natembea kama mwizi.

Wewe ndiye fundi wa vanishi katika ukoo wetu, tangu mzee Zabron alipokuachia karakana. Nifanyeje nitoe stika bila kuchubua rangi? Hapa saluni nina rimova ya kucha, chupa nzima. Nitumie hiyo?

Nasubiri jibu lako kwa hamu,
Mwanao Fides


Isansa,
2 Machi 2024

Mwanangu Fides,

Marahaba. Mguu umepona, nimerudi kusimama karakanani. Mahindi yanapendeza mwaka huu. Atuganile wangu amejifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, na analia kwa sauti ambayo hata mimi naisikia. Tumshukuru Mungu.

Usitumie rimova. Nimepiga mstari mara mbili, uone. Wala petroli, wala thina, wala spiriti. Gitaa la zamani namna hiyo huenda limepakwa polishi inayoyeyuka kwa spiriti. Utaondoa stika na rangi na machozi yako kwa pamoja.

Fanya hivi. Legeza nyuzi kwanza. Chukua dryer yako ya nywele, weka moto mdogo, na uipeperushe juu ya stika ukiwa mbali kiasi cha kiganja. Jaribu kwanza nyuma ya mkono wako; ukiungua wewe, na polishi inaungua. Gundi ikilegea, inua pembe kwa kucha, kisha ingiza kadi ya plastiki iliyochakaa. Kisu hapana. Vuta stika ukiilaza, usiivute kwenda juu. Ikigoma, rudisha moto, usishindane nayo.

Gundi itakayobaki, ipake mafuta ya kupikia kidogo kwa kitambaa cha pamba. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, palepale pa chini unapofungwa mkanda. Acha dakika kumi, halafu uifikiche kwa ncha ya kidole mpaka ijikunje vipunjepunje. Penye ufa usipeleke mafuta, mbao itayanywa. Malizia kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kilichokamuliwa mpaka kikauke, na ufute hapohapo kwa kikavu. Stika moja kwa siku inatosha. Agosti iko mbali.

Niambie, mbao ya mbele ni ya rangi gani? Na ubavuni, upande unaolala pajani, pana kiraka? Nauliza kwa sababu ya vanishi tu.

Baba yako usimwambie kwamba ninayekufundisha ni mimi.

Shangazi yako,
Ferista


Tunduma,
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu! Jastin anasema mtoto wa kilo tatu na nusu tayari anaweza kuajiriwa forodhani. Tumepata nguo ndogo nzuri Nakonde, Ipyana atakukabidhi pamoja na barua hii.

Kabla ya yote, naungama. Barua yako ilipofika nilikuwa nimeshatumia rimova. Mara moja tu! Mgongoni, chini kabisa. Imetokea doa jeupe lisilong'aa, ukubwa wa kizibo cha soda. Nimelitazama mpaka nikapoteza hamu ya kula. Nisamehe.

Tangu hapo nafuata maneno yako kama ya daktari. Na shangazi, inawezekana! Ile ya betri iliondoka nzima, nikapiga kelele mpaka mteja aliyekuwa na dawa kichwani akaruka. Sasa saluni nzima imeingia kazini. Kuna mama mmoja wa Nakonde, mfanyabiashara wa vitenge, amenikabidhi kadi yake ya benki iliyokwisha muda ndiyo ninayotumia. Kila akivuka huniuliza, "Leo tunatoa ipi?" Zimeshaondoka kumi na moja. Mafuta ya kupikia yananichekesha, ile gundi nyeusi inajikunja kama ulivyosema, unafuta, na chini yake mbao inakutazama. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea. Pale palipokuwa na stika ni kama asali, jua halikupafikia.

Kiraka kipo. Ubavuni, umbo la harage, mbao nyeusi kidogo. Umejuaje?

Na sasa furaha yenyewe. Nilipotoa stika ya mpira, chini ya tundu la sauti ikatokea herufi ya rangi nyeupe, imeandikwa kwa mkono kwa ustadi. Ni F! Shangazi, nililia. Baba aliandika jina langu kwenye gitaa lake na hakuwahi kuniambia. Herufi nyingine zimefunikwa na yule mwanamke wa sabuni. Nitamtoa wiki ya Pasaka.

Mwanao mwenye furaha,
Fides


Isansa,
19 Mei 2024

Mwanangu Fides,

Marahaba. Nguo za mtoto zimemkaa vizuri, ahsante. Najua umesubiri. Ipyana ameniambia umemuuliza kila alipopita, na kwamba mara ya mwisho ulimwuliza kama nimekufa. Sijafa. Tulikuwa na mahindi, kisha kahawa imeanza kuiva na wachumaji ni wachache. Hizo ndizo sababu ninazoweza kuziandika.

Natumaini hujamgusa mwanamke wa sabuni. Kama hujamgusa, soma hapa mara tatu.

Zile herufi zimepakwa juu ya polishi, si chini yake. Ukiweka moto mwingi zitang'oka na stika. Ukiweka mafuta na kufikicha, zitafutika. Kwa hiyo dryer iwe mbali, kiasi cha mikono miwili, na kwa muda mfupi. Usivute stika nzima. Vua kwanza lile tabaka la juu lenye picha, halafu karatasi ya chini uichambue kipande kwa kipande, kila kimoja kisizidi ukucha. Gundi itakayobaki juu ya herufi usiipake kitu. Chukua selotepu, ibandike kidogo kwa kidole, iinue. Bandika, inua. Itaondoka na gundi kidogokidogo. Ukiona weupe umeshika kwenye selotepu, acha kabisa.

Itakuchukua siku nyingi. Nakuomba uzitumie.

Doa la rimova liache lilivyo. Nina polishi yake hapa.

Shangazi yako,
Ferista


Tunduma,
9 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Watoto wamefunga shule, nyumba haikaliki. Baba amerudi na miwani mipya, anasoma kila bango la mjini kwa sauti ili tujue kwamba anaona.

Sikumgusa mwanamke wa sabuni. Pasaka nilimsogelea na dryer, moyo ukakataa, nikasubiri barua yako. Sasa namshukuru Mungu kwa woga wangu.

Nimemtoa kwa siku kumi na mbili. Nilikuwa nafunga mlango wa saluni mchana, saa ya chakula, na taulo nyeupe mezani kama muuguzi. Siku ya tatu ikaanza kuonekana herufi ya pili. Nilisubiri I. Ikatokea E. Nikamwonyesha Jastin, akacheka mpaka akakaa chini: "Mzee hakujua hata jina la mwanawe linaandikwaje!" Nikamtetea baba kwa nguvu zangu zote. Siku ya tano ikatokea R.

Hapo nikaacha kucheka. Niliketi na kile kipande cha selotepu kidoleni, na nadhani nilijua zinazofuata kabla sijaziona. I. S. T. A. Zote zimepona, shangazi, hata mkia wa A haukumeguka. Ubavuni, pembeni ya kiraka, kuna mwaka pia: 1981.

Nilijiona mjinga na ile F yangu. Halafu nikazisoma upya barua zako zote mbili, moja baada ya nyingine. Ulijua tangu lini? Na kwa nini ulinifundisha kwa upole hivyo, siku zote hizo, bila kusema?

Baba sijamwambia kitu. Sherehe ni baada ya miezi miwili na watu nimeshawaalika. Niambie nifanye nini.

Fides


Isansa,
30 Juni 2024

Mwanangu Fides,

Marahaba. Leo nimetoka kanisani nikaketi moja kwa moja kuandika, kabla ujasiri haujaisha.

Nilijua tangu uliposema stika.

Gitaa lile nililichonga mimi. Zabron alikuwa bado hajanioa, alikuwa fundi kijana na mimi nilikuwa nakwenda karakanani kwake kwa kisingizio cha kutengeneza kigoda. Alinionyesha namna ya kukunja mbao kwa mvuke. Kile kiraka ni chake, niliangusha ubavu siku ya kwanza ukatoboka, akauziba. Nikaandika jina langu kwa brashi ya nywele za mbuzi. Nikapiga kwenye kikundi cha vijana kanisani miaka miwili, mimi peke yangu msichana, na watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuona.

Mwaka 1983 baba yako alikwenda Tunduma kutafuta maisha. Akaniomba gitaa kwa mwezi mmoja. Nilimpa kwa moyo mweupe, nikamfundisha nyimbo nne. Baada ya miezi mitano akaja mikono mitupu, akasema wameliiba mpakani. Nilimhurumia! Nilimpa pole mimi. Mwaka uliofuata binamu yetu akamkuta anapiga kwenye baa Nakonde, gitaa lina stika mwili mzima. Nikamwuliza mbele ya mama yetu. Akasema lile ni jingine, amenunua kwa Mzambia. Mama akaniambia nimwombe kaka yangu radhi kwa kumsingizia. Nikamwomba.

Hilo ndilo lililonishinda, Fides. Kukosa gitaa ningeweza kuvumilia. Kumwomba radhi kulinikaba. Tangu hapo tunasalimiana misibani, kama unavyoona. Nami sikuchonga jingine.

Nilikufundisha kwa upole kwa sababu kazi ile haiwezekani bila upole. Na kwa sababu nilitaka kuona kama bado limo humo chini.

Sherehe ni ya baba yako. Usiiharibu kwa ajili yangu. Ukitaka, mpe. Ukitaka, lirudishe guniani. Limeshasafishwa, na mimi nimeshajua kwamba ni lenyewe. Amua unavyoona.

Ferista


Tunduma,
Jumapili, 11 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wiki sita sikukuandikia kwa sababu sikujua niandike nini. Leo ninacho.

Niliirarua barua yako? Hapana, ila nilimkasirikia baba mpaka Jastin akaniuliza kama pilau ya sherehe nitaitia sumu. Nilifikiri nimkabidhi mbele ya watu wote, jina likiwa mbele, aone aibu. Nikafikiri pia nisimpe kabisa. Mwisho nikaamua nimpe kabla wageni hawajafika, sisi wawili tu. Jana saa nne asubuhi nikamkalisha sebuleni na suti yake mpya, nikaliweka mapajani mwake, nikafunua kitenge.

Alivaa miwani. Alipitisha kidole juu ya herufi, moja moja, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Nani ametoa stika?"

"Mimi."

"Hukuzichubua. Nani kakufundisha?"

"Shangazi."

"Kwa hiyo anajua."

"Anajua tangu Machi, baba."

"Na akaendelea kukufundisha?"

"Aliendelea. Alinifundisha hata namna ya kuyalinda maandishi."

Hapo akavua miwani. Akaniambia kwamba stika ya kwanza aliibandika kwa sababu watu wa baa walikuwa wanamwita Ferista. Ya pili ni kwa sababu ya kwanza ilionekana inaficha kitu. Alipokudanganya mbele ya bibi alifikiri atakuja kukuambia wiki ijayo. Alipoacha muziki hakuweza kuliuza wala kulirudisha. "Nilikuwa naogopa kulitazama," akasema, "na kulitupa niliogopa zaidi, mtu mwingine asije akalitazama."

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nikamwambia tu, "Baba, fuso la Ipyana linaondoka Jumatatu asubuhi."

Basi sherehe ikafanyika, na unaambiwa hajawahi kuonekana mchangamfu vile! Alicheza na wanakwaya, alicheza na yule mama wa vitenge wa Nakonde, alikula vipande vitatu vya keki. Kila mgeni alimwuliza gitaa ni la nani, naye akawa anajibu kwa sauti, "La dada yangu. Amelichonga mwenyewe."

Barua hii anakuletea yeye. Nilitaka kumsindikiza, amekataa.

Mwanao,
Fides


Isansa,
25 Agosti 2024

Mwanangu Fides,

Salamu nyingi kwako, kwa Jastin na watoto. Kahawa ni nzuri, mjukuu ameota jino, na mimi nina mengi, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Alifika saa sita mchana. Nilikuwa kwenye meza za kuanikia kahawa na wachumaji wangu kumi. Nikaona fuso limesimama, mzee mmoja wa suti anashuka amekumbatia kitu kama mtoto mchanga. Akasimama getini, haingii. Nikamfuata. Nikaona midomo yake inatembea.

Nikamwambia, "Osward, masikio yangu yaliliwa na mashine ya randa. Sema kwa nguvu."

Akasema tena. Sikusikia. Nikamwambia, "Zaidi!"

Fides, baba yako akavuta pumzi akapiga kelele kama anaita ng'ombe: "NILIKUDANGANYA! LILIKUWA LAKO! NILIKUDANGANYA MBELE YA MAMA! NISAMEHE!"

Wachumaji wote wakaacha kazi. Jirani wa ng'ambo ya bonde akatoka nje. Nami, nakuambia ukweli, mara ya pili nilikuwa nimesikia vizuri kabisa. Nilitaka tu kulisikia neno hilo mara ya tatu.

Nikaanza kucheka. Akanitazama kama amepigwa kofi, halafu naye akacheka, tukabaki pale getini wazee wawili tunashikana mabega na gitaa katikati. Nikamwambia, "Ulisema mwezi mmoja." Akasema, "Miezi ya Tunduma ni mirefu." Nimemsamehe. Nilifikiri itakuwa kazi ngumu, kumbe ilishaanza kunitoka taratibu tangu Machi, wakati wewe unabandua na mimi nakuandikia.

Kazi yako nimeikagua mchana kweupe. Hakuna mkwaruzo. Mafundi ninaowafahamu wangeharibu ile A. Doa la rimova nimelipitishia polishi, halionekani, ila mimi najua lilipo na sitaacha kukutania.

Jioni ile tulifunga nyuzi mpya alizokuja nazo. Sauti kwa masikio siipati sawasawa, lakini nikiweka kidevu juu ya bega la gitaa inaingia yote, hadi kifuani. Nilipiga wimbo wa kwanza kati ya zile nne. Vidole vilikuwa vigumu kama vijiti. Wa pili alikumbuka yeye. Wa tatu tulikosea wote, kila mmoja akisema mwenzake ndiye. Tangu hapo kila jioni wachumaji hawaendi makwao moja kwa moja, na Atuganile analeta mtoto, maana akilisikia ananyamaza. Jumapili ijayo kanisani wameniomba. Nimesema nitafikiri, na gauni nimeshalipiga pasi.

Baba yako alikuja na suti moja na miwani. Leo ni siku ya kumi na nne. Amechukua chumba cha mbele, amemfukuza kuku wangu aliyekuwa analalia humo, na asubuhi anachambua kahawa na wachumaji akiwaeleza bei za dunia asizozijua. Ipyana amempitia mara mbili kumrudisha Tunduma, na mara zote mbili hakuonekana mpaka fuso lilipoondoka.

Kwa hiyo mtumie mashati yake, dawa ya macho, na viatu vya kawaida. Anarudi lini sijui. Sijamwuliza, na wewe nakuomba usimwulize.

Shangazi yako,
Ferista